Barua ya wazi kwa wanaoitangaza Tanzania: Nchi hii ni pana kuliko picha mnayoionyesha

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya utalii, utamaduni na utangazaji wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

YAH: ALAMA ZA KANDA MOJA KUFANYWA SURA YA TAIFA ZIMA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchongaji wa vinyago, Mmakonde wa Newala, na kwa sehemu kubwa ya mwaka nafanyia kazi Mwenge, Dar es Salaam. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya nimeifuata hadi mwisho wake. Barua yangu ilipokelewa, ikagongwa muhuri, nikaambiwa nisubiri. Nilipofuatilia kwa simu nilielekezwa kwa afisa mwingine, na nilipofika mwenyewe nikaelekezwa idara nyingine. Ofisi hiyo siitaji jina. Watumishi wake walinipokea kwa adabu, na jambo ninalolilalamikia halikuanzia mezani kwao.

Niliagizwa kuchonga vinyago vya kupamba banda la nchi yetu kwenye maonyesho ya utalii ya nje. Nilipendekeza dimoongo, ule mnara wa watu waliobebana, babu na wajukuu, wenye jembe na wenye mtungi, wote ndani ya gogo moja la mpingo bila kiungo. Nikajibiwa kwamba wageni hawatauelewa. Nikatakiwa nichonge Mmaasai mrefu aliyeshika mkuki, na twiga wawili wa kusimama pembeni yake. Nilichonga, nikalipwa, na bei haikuwa mbaya. Lakini gogo lile lilitoka misitu ya Lindi, tezo na patasi zilishikwa na mkono uliofundishwa Newala, na mwisho wa yote kilichoandikwa chini yake ni neno moja tu: Tanzania. Mkoa uliootesha mti haukutajwa, wala watu waliorithishana ufundi, na yule aliyechongwa hakuulizwa na mtu.

Waheshimiwa, ninachosema ni hiki. Mlima mmoja, mbuga mbili na vazi la watu wa kanda moja vimefanywa uso wa nchi yenye mikoa 31 na watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022. Sisi tuliobaki tumekuwa mikono inayochonga uso huo. Hoja zangu ni hizi.

1. Waasisi wetu walipotafuta alama za taifa, walizunguka nchi nzima.

Itazameni Nembo ya Taifa, ile iliyo juu ya kila barua mnayoiandika. Mlima Kilimanjaro upo, na unastahili kuwapo. Lakini miguuni pa bibi na bwana waliosimama juu ya mlima huo kuna pamba na karafuu: pamba ya Usukumani, karafuu ya Unguja na Pemba. Kuna shoka na jembe, ambavyo havina mkoa. Kuna mawimbi ya maji, ambayo mtu wa Kigoma, wa Mwanza, wa Kyela na wa Mikindani kila mmoja anaweza kuyaita yake. Aliyebuni nembo ile alijua kwamba mwananchi ataitafuta sehemu yake, na akaiweka.

Hata mlima wenyewe ulipewa kazi pana. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipoupandisha Mwenge wa Uhuru kileleni, maana haikuwa kuisifia Moshi. Mwalimu alikwishasema kabla ya hapo kwamba Mwenge ule umulike hata nje ya mipaka yetu. Kilele kilichaguliwa kwa sababu kinaonekana kutoka mbali. Na Mwenge haukubaki Kaskazini, kwani hadi leo unakimbizwa mkoa kwa mkoa, hadi Tandahimba, hadi Nanyumbu, watu wakikesha kuusubiri.

Miaka ile ya mwanzo jukwaa la ngoma nalo lilikuwa hivyo. Kikundi cha ngoma cha taifa kilicheza sindimba yetu ya Mtwara, na bugobogobo ya Wasukuma ikapanda jukwaa lile lile. Mwaka 1967 pakafunguliwa Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, nyumba za makabila mbalimbali zikajengwa upande kwa upande kwa ukubwa wake halisi, ili mtoto wa mjini aone nyumba ya Mhaya na nyumba ya Mgogo kwa nauli moja.

Linganisheni na kaulimbiu iliyotumika miaka mingi kututangaza ughaibuni: Tanzania, nchi ya Kilimanjaro, Zanzibar na Serengeti. Kaulimbiu imebadilika, picha haijabadilika.

2. Hali hii ina historia, na kilichotengenezwa na watu kinaweza kurekebishwa na watu.

Najua wapo wanaoamini kwamba Kaskazini imekuwa sura ya nchi kwa sababu ya uzuri wake tu. Uzuri upo, siubishii. Lakini mgeni huja kwa njia, na njia ndiyo inayoamua atapiga picha gani. Kwa miongo mingi mtalii wa Serengeti aliingilia Nairobi, akavuka mpaka kwa gari, akarudi alikotoka. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, ilibidi nchi ijenge utalii wake yenyewe, na ilikuwa na uwanja, barabara na hoteli upande ule. Kwa hiyo pesa ikawekwa pale palipokuwa tayari na kitu. Uamuzi huo siulaumu, kwa hali ya wakati ule.

Sasa geukeni Kusini. Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ukafa, na mapema miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Kisha ikaja vita ya ukombozi wa Msumbiji. Nachingwea ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na mkoa wetu ukawa mstari wa mbele. Mahali pa namna hiyo watalii hawapelekwi. Tuliubeba mzigo ule kwa ajili ya Afrika na hatujutii hata siku moja. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuzamisha mabasi kwenye tope miaka mingi baada ya daraja. Na Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoibomoa barabara, Lindi na Mtwara zilikatika na Dar es Salaam tena, magari yakalala njiani kwa siku kadhaa.

Picha ilifuata barabara. Kisha barabara ikaanza kuifuata picha: hoteli hujengwa mahali ambapo mgeni tayari anapajua, ndege hupangwa kwenda hoteli ziliko, na fungu la matangazo likitengwa huelekezwa kule "kwenye soko". Mwaka baada ya mwaka hesabu inathibitisha kile ilichokianzisha yenyewe.

Hatuko peke yetu katika hili. Mariachi wa Mexico na kofia zao pana walitoka Jalisco na majimbo jirani ya magharibi; serikali za baada ya mapinduzi ya 1910 zilipohitaji sura moja ya nchi, redio na sinema zikawasambaza hadi ikawa Mexico yote ni wao. Hispania iliuza flamenko ya Andalusia kwa watalii wa miaka ya 1960, na mtu wa Galicia, ambaye ngoma yake ni ya zumari, akajikuta anawakilishwa na vazi ambalo bibi yake hakuwahi kulivaa. Uskoti ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1746, baada ya uasi, Waingereza walipiga marufuku vazi la watu wa milimani. Marufuku ikaondolewa 1782. Mwaka 1822 Mfalme George IV alipozuru Edinburgh alivaa vazi hilo hilo, na wakubwa wa nyanda za chini, ambao wazee wao walilidharau kama vazi la wezi wa ng'ombe, wakakimbilia kwa mafundi cherehani. Watu wa milimani wenyewe walikuwa wakihamishwa mashambani kupisha kondoo.

3. Wamaasai wenyewe hawakunufaika kwa kufanywa nembo.

Nimeitaja Uskoti makusudi. Hapa kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliendesha kampeni ya kuwavua Wamaasai lubega. Waliambiwa wavae suruali, wakakatazwa kuonekana mjini na vazi lao, kwa hoja kwamba linalitia taifa aibu mbele ya wageni. Wazee waliopitia hayo bado wako hai. Leo vazi hilo hilo linapokea wageni kwenye milango ya hoteli na linapepea kwenye mabango yetu. Sikumbuki kusikia kiongozi akisimama kuwaambia wazee wale kwamba walikosewa.

Na ni sura gani ya Mmaasai inayotumika? Kijana amesimama peke yake, mguu mmoja umeinuliwa, nyuma kuna jua linazama. Huyo hana shule, hana simu, hana shauri mahakamani, hana mama. Mashuka mekundu yenyewe ni nguo za kiwandani, na kabla yake walivaa ngozi. Ni watu wenye historia inayotembea kama watu wengine wote, lakini bango linawataka wasimame pale pale. Wakati huohuo, tangu 2022, maelfu ya wakazi wa Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wapo wakazi wengi wanaosema sivyo, na Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani kulisema hilo. Mimi si mwamuzi wa shauri lile. Ninachoona ni kwamba sura ya mtu inakaribishwa kila mahali huku mwenyewe akiulizana na serikali atakaa wapi.

Kwa hiyo msije mkaisoma barua hii kama ugomvi wa Mmakonde na Mmaasai. Nimekaa nao Mwenge, wanauza shanga na dawa hatua chache kutoka kwenye kibanda changu, tunakopeshana chenji. Na huko Zanzibar wapo vijana wanaotembea ufukweni na lubega kwa sababu ndiyo sare inayoleta wateja. Ni nadra kusikia Wamaasai wamelipwa kwa matumizi ya sura yao, au wameulizwa ipi wangependa ionekane.

4. Kinachofichwa ni kikubwa mno kufichwa.

Nianze na Kilwa. Ibn Battuta alifika 1331 na akauandika kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe. Moja ilikutwa Great Zimbabwe, na nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwao. Kasri la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu bado vimesimama, mawe ya matumbawe na chokaa. UNESCO iliuandikisha mji huo pamoja na Songo Mnara mwaka 1981, mwaka uleule iliouandikisha Serengeti. Mwaka mmoja, orodha moja! Serengeti ikawa jina la dunia, na magofu ya Kilwa yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Nchi yetu ina maeneo saba kwenye Urithi wa Dunia, na manne kati ya hayo hayamo kwenye njia ya Kaskazini: Kilwa, Selous, Mji Mkongwe na michoro ya Kondoa. Wanafunzi wangapi wa sekondari wanaweza kuyataja?

Kuna Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mamia ya watu wetu walichimba, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilipaswa kuwa kwenye vitabu vya shule. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na watu hupanga foleni kumwona. Mtu akishuka Lindi mjini leo akaulizia Tendaguru, atapata tabu hata kumpata wa kumwonyesha njia.

Vita vya Maji Maji vilianzia vilima vya Umatumbi, Julai 1905, na wazee wa TANU walivichukua kama mwanzo wa umoja wetu, kwa kuwa vilikutanisha makabila mengi chini ya dai moja. Songea kuna makumbusho yake, na 27 Februari kila mwaka watu wanawakumbuka walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Iringa kuna Kalenga na fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Dodoma kuna zeze na marimba za Wagogo ambazo wanamuziki wa dunia wanazitolea macho. Siwezi kumaliza, na sitajaribu. Kigoma watanidai sokwe wa Mahale, na Mwanza makumbusho ya Bujora.

5. Ufundi unakufa kwa kukosa kuonekana.

Hapa nisikilizwe kama fundi. Mchongaji huchonga kinachonunuliwa. Mgeni akitua akiwa ameshaonyeshwa kwamba Tanzania ni twiga, mlima na mtu mwekundu, atanunua twiga, mlima na mtu mwekundu, na kijana wangu anayejifunza atachonga hivyo kuanzia asubuhi hadi jioni kwa sababu anataka kula. Kinyago cha shetani, mtindo ulioanzishwa na mchongaji Samaki Likankoa miaka ya 1950, kinahitaji mchongaji alitazame gogo kwanza, aone pindo lake, aone mti umekuwa mweupe wapi na mweusi wapi, ndipo aamue. Dimoongo huchukua miezi. Barakoa ya mapiko ina miiko yake na msimu wake jandoni. Vitu hivi havijifunzwi kwa kunakili. Wazee wakishaondoka, hakuna kitabu cha kurudia.

George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi, kazi zake zilionyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, akachora kwa rangi ya mafuta juu ya ubao mgumu pale Oysterbay, na alipouawa kwa risasi 1972 alikuwa bado kijana wa miaka takriban 40. Mchoro unaobeba jina lake ndio unaouzwa uwanja wa ndege kama zawadi ya Tanzania, na siku hizi karibu kila mmoja una kilele cha theluji nyuma yake. Ni wageni wangapi wameambiwa kwamba mwenye mtindo huu alikuwa mtu wa Tunduru?

Na mpingo nao. Huo ndio mti wetu wa taifa, mti unaotengenezewa klarineti na obo za Ulaya, na Kilwa ni mojawapo ya wilaya ambako vijiji vimejifunza kuuvuna kwa mpango. Sijawahi kuona bango la nchi lenye mti wa mpingo.

6. Hata kwa hesabu ya soko, picha hii tunagawana na jirani.

Ngao na mikuki ya Kimaasai ipo kwenye bendera ya Kenya. Kilimanjaro huonekana vizuri mno kutoka Amboseli, nao wanaipiga picha kutoka huko, ni haki yao. Nyumbu hawana pasipoti. Kila baada ya muda tunagombana mitandaoni kuhusu mlima ni wa nani, tunapandisha hasira, kisha tunarudi kutangaza vilevile wanavyotangaza wao. Kilwa hakuna wa kutunyang'anya.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayonipa, kwa maana mengine nimeshapewa.

Mtasema mgeni ndiye anayechagua, na chema chajiuza. Kingekuwa kinajiuza, msingekuwa na fungu la matangazo. Kilimanjaro imetangazwa tangu enzi za Wajerumani; Kilwa haijawahi kupewa hata robo ya juhudi hiyo, kisha tunaambiwa haina wateja.

Mtasema miundombinu ya Kusini haijakaa sawa. Ni kweli, na nimeeleza sababu. Lakini kuweka picha ya Husuni Kubwa ukutani kwenye maonyesho ya nje hakuhitaji lami. Kuandika jina la Newala chini ya kinyago hakuhitaji uwanja wa ndege.

Mtasema mlikwishaanzisha mradi wa Kusini. Mradi wa REGROW ulizinduliwa 2018 kwa mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia, ukalenga hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na ile iliyokuja kuwa Nyerere. Aprili 2024 Benki ilisimamisha fedha kutokana na malalamiko ya wananchi wanaoishi kandokando ya Ruaha, na mwaka huohuo mradi ukafikia mwisho. Nasikitika ulivyoishia. Ila hata ungefaulu, ulikuwa mradi wa wanyama. Kusini tuna watu pia, na kazi za mikono yao.

Jibu linalonisumbua kuliko yote ni lile la kwamba madai kama haya ni ukabila. Nilisemeshwa hivyo ana kwa ana na mtu ninayemheshimu. Nimelitafakari sana. Mwalimu alitukataza kujivunia kabila dhidi ya taifa, na mimi ni mtoto wa mafundisho hayo. Kiswahili ninachowaandikia ndicho kilichonikutanisha na mke wangu wa Kihehe. Lakini kuchagua kabila moja na kanda moja ziwe sura ya wote ndiko kunakoleta ukabila, hata kama hakuna aliyekusudia. Mtwara mwaka 2013 watu walilia kuhusu gesi asilia yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Ndani ya kilio kile mlikuwa na jambo ambalo halikuwa gesi: hisia ya kutajwa wakati wa kuchukuliwa na kusahaulika wakati wa kuonyeshwa. Isikilizeni ikiwa bado inasemwa kwa barua.

Ninayoomba ni haya.

Kwanza, kila chombo cha umma kinachotangaza nchi kiwe na kanuni iliyoandikwa: hakuna banda, kalenda, video wala kitabu cha wageni kitakachotoka kwa fedha za umma kikiwa na alama za kanda moja tu. Kanuni hiyo ichapishwe ili mwananchi aweze kuwauliza.

Pili, kila kazi ya sanaa inayoonyeshwa kwa jina la Tanzania iandikwe jina la fundi, wilaya yake, na jamii ambayo ufundi huo ni wake. Hili mnaweza kulianza Jumatatu.

Tatu, wazee na viongozi wa Kimaasai waitwe, waulizwe kuhusu matumizi ya sura yao na vazi lao, na wapangiwe malipo pale biashara inapofanywa. Wakisema wanataka daktari wao na mwalimu wao waonekane kwenye bango, basi waonekane.

Nne, AFCON 2027 inakuja, nasi ni wenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Zawadi za wageni, mapambo ya viwanja na ngoma za ufunguzi zitangazwe kwa ushindani ulio wazi mikoani, na mafundi waambiwe mapema. Mpingo haukauki kwa wiki moja. Msije mkatuletea agizo mwezi mmoja kabla na michoro iliyokwishaamuliwa Dar es Salaam.

Tano, Tendaguru iwekewe kibao, njia na nyumba ndogo ya kumbukumbu yenye majina ya waliochimba. Mazungumzo na Berlin kuhusu mifupa yenyewe ni yenu, wenye mamlaka. Kibao hakihitaji kibali cha Berlin.

Sita, naomba jibu la maandishi, na naomba litolewe hadharani kama barua hii. Ikiwapendeza kukutana nasi, mafundi wa Mwenge tuko tayari siku yoyote ya kazi, na wenzetu wa Newala na Masasi watasafiri. Tutakuja na dimoongo lile ambalo nimeshaanza kulichonga bila agizo la mtu, mlitazame, ndipo mtuambie kama kweli mgeni hatalielewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchongaji wa vinyago,
Mwenge, Dar es Salaam, na Newala, Mtwara

Nakala:
Waheshimiwa wabunge wa mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma
Vyama vya wachongaji na wachoraji
Wananchi wote